Miti ya Zege ya Kariakoo

Kila nipitapo Kariakoo huinua macho kulitazama paa la Soko Kuu kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa naamini ndilo somo bora la usanifu majengo tulilo nalo Dar es Salaam. Beda Amuli, aliyelibuni katika miaka ya 1970, hakuiga masoko ya Ulaya. Alisimamisha nguzo za zege zinazochanua juu mithili ya miti mikubwa, ili watu wauze na kununua kivulini kama walivyozoea tangu zamani, huku hewa ikipita na maji ya mvua yakikusanywa na paa hilo lililokunjuka kama miavuli iliyopinduliwa. Moto wa Julai 2021 ulipoliunguza, nilihuzunika kana kwamba nimefiwa.

Kabla ya Amuli, msanifu majengo Anthony Almeida alikwisha kuonyesha katika jiji hilohilo kwamba usasa unaweza kulitii jua la pwani. Ndiyo maana hunisikitisha kuona majengo mapya ya vioo vitupu, yasiyo na kivuli wala upenyo wa upepo wa bahari, yakitegemea viyoyozi kutwa nzima.