Basi moja tu la kwenda Etna
Naishi Hamburg, na ikifika Februari baridi ya huku huwa imenifika shingoni. Nikamwambia mdogo wangu twende Catania, kisiwani Sicily, Italia, siku nne tu, tukaote jua. Jua tulilipata. Tulichosahau ni kwamba Mlima Etna, volkano ya huko, una zaidi ya mita 3,300, na sisi tulibeba raba za kitambaa.

Tarehe tulichagua kwa kuangalia mfuko. Sikukuu ya Mtakatifu Agatha, msimamizi wa mji, ni tarehe 3 hadi 5 Februari, na siku hizo vyumba havishikiki. Sisi tukaingia tarehe 7. Barabarani bado kulikuwa na nta, maana waumini hutembea na mishumaa mirefu kama mtu, mingine ya kubeba begani, nayo huchuruzika njia nzima. Matairi yakipita juu yake yanalia kama viatu vipya kanisani. Unga wa mbao ulikuwa umemwagwa watu wasiteleze. Mdogo wangu aliteleza hivyohivyo.

Sasa basi. La umma la kwenda Etna liko moja tu kwa siku: linaondoka mbele ya stesheni ya treni saa mbili na robo asubuhi, linarudi saa kumi na nusu. Siku ya kwanza tuliliona mgongo. Mwenye gari dogo akatutajia bei yake. "Dada, hiyo mimi silipi," akasema mdogo wangu, tukaishia soko la samaki karibu na kanisa kuu, ambako kichwa cha nduaro kimesimamishwa mezani upanga juu. Kelele ni Feri ya Dar tupu.

Kesho yake saa moja na nusu tulishafika kituoni. Basi likapita Nicolosi, miti ikapungua, yakaja mawe meusi, kisha theluji, hadi Rifugio Sapienza, kituo cha wapanda mlima, karibu mita 1,900. Upepo ulikuwa mkali, gari la kamba limesimamishwa. Kusema kweli nilishukuru, tiketi yake ingetumaliza. Tukakodi mabuti palepale, tukapanda kwa miguu hadi kreta za Silvestri, zilizotokea mlipuko wa 1892. Kule huhitaji kiongozi.

Mdogo wangu akachota kiganjani: juu theluji, chini changarawe nyeusi, nyepesi kama makaa.

"Wali na pilipili manga," akasema.

Upepo ukatujaza ile changarawe mdomoni, ikawa inasagika kwenye meno. Mimi mtu wa Marangu, nimekulia chini ya Kibo na sijawahi kukipanda, nikajicheka: nimetoka kote huko kuja kukanyaga mlima wa watu.

Tulirudisha mabuti mapema, tukanywa chokoleti ya moto, nzito kama uji. Saa kumi kamili tulikuwa tumesimama kituoni, wa kwanza kwenye foleni.