Kuongoza watu wa kwetu kwenye bustani ya Anne Frank, Boise

Boise ni mji mkuu wa jimbo la Idaho, magharibi mwa Marekani. Wakongo tuliotoka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu tuko hapa kwa wingi, pamoja na Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili utakisikia sokoni, kanisani na kwenye basi. Katikati ya mji, kando ya mto, jirani kabisa na maktaba kuu, kuna bustani ya ukumbusho wa haki za binadamu iliyopewa jina la Anne Frank. Mimi ni mmoja wa watu wanaojitolea kuongoza wageni pale. Kazi niliyoipa uzito zaidi ni kuwafanya watu wa kwetu waingie, wakae, na waone kuwa pale ni kwao pia. Naandika hapa jinsi nilivyofanya, kwa sababu najua kuna miji mingine yenye Waswahili na mahali pa ukumbusho ambapo hawakanyagi.

Kwanza, kwa nini bustani ya binti wa Kiyahudi aliyejificha Wanazi mjini Amsterdam, akaandika shajara na baadaye akafia kambini mwao, iko Idaho? Mwaka 1995 maonyesho ya maisha ya Anne yalizunguka hadi hapa, na watu walijaa kuyatazama hata wenyeji wakasema lazima kibaki kitu cha kudumu. Na Idaho ilikuwa na sababu yake. Kaskazini mwa jimbo, karibu na Hayden Lake, kundi la Aryan Nations lililohubiri ubora wa watu weupe lilikuwa na makao yake. Padri mmoja wa Coeur d'Alene, Bill Wassmuth, alisimama hadharani kulipinga, na Septemba 1986 nyumba yake ikalipuliwa kwa bomu naye akiwa ndani. Alinusurika, akaendelea. Mwaka 2000 kundi lile lilishindwa kesi mahakamani, likapoteza makao yake. Bustani ilifunguliwa Agosti 2002, na Wassmuth akafariki mwezi huo huo. Kituo kinachoisimamia leo kinaitwa kwa jina lake.

Ndani yake kuna sanamu ya shaba ya Anne, kimo chake halisi, anachungulia dirishani akiwa na shajara yake. Kuna kuta zenye maneno ya watu wengi waliotetea haki, maji yanayotiririka, na Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lote, lile la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, vifungu 30, limechongwa kwenye mawe. Kuna pia mti mchanga uliotokana na ule mchesinati ambao Anne aliuona kutoka mafichoni, mti ulioanguka kwa dhoruba mwaka 2010. Vichipukizi vyake vililetwa Marekani na kugawiwa sehemu 11, na Boise ikapata kimoja. Hakuna kiingilio.

Basi, pamoja na uzuri wote huo, watu wetu walikuwa wanapita tu. Nilipoanza kuuliza nikaambiwa wazi: "Pale si kaburi la mtoto wa Kizungu? Tutaendaje kukaa juu ya kaburi la watu?" Wengine waliona maandishi mengi ya Kiingereza wakajua ni mahali pa wasomi. Hayo si mambo ya kucheka. Kwetu kaburi lina heshima yake, na mtu aliyefukuzwa na maaskari sehemu kadhaa za dunia hajipeleki mahali asipojua nani mwenyewe.

Nilichofanya ni kuacha kabisa kualika watu kwa karatasi. Nilikwenda kwa wakina mama wanaosoma Kiingereza maktabani, nikawasubiri wamalize, nikawaomba waje na mimi dakika chache tu, maana maktaba na bustani vinapakana. Mama akishafika, Jumapili inayofuata kanisa zima linajua. Nilichapisha Tamko kwa Kiswahili, herufi kubwa, ili mzee asiyesoma Kiingereza asimame mbele ya jiwe akiwa na karatasi mkononi na asome mwenyewe. "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Nimesikia sentensi hiyo ikisomwa kwa sauti na watu ambao miaka 20 ya maisha yao ilipimwa kwa kilo za unga wa mgao. Sauti hubadilika.

Hapo ndipo maswali yanapoanza, na maswali ya watu wetu ni ya kweli. Mzee mmoja aliniuliza: "Mwaka huo 1948, wakati wanaandika haya, sisi tulikuwa wapi?" Nilimjibu kama ilivyo. Tamko lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 zikakubali, hakuna iliyopinga, 8 zikajizuia. Ubelgiji ilikuwa kati ya zilizokubali, na Kongo ilikuwa bado mikononi mwake, hadi Juni 1960. Kifungu cha 2 kinasema haki hizi hazibagui hata mtu ambaye nchi yake haijitawali. Mzee alikisoma kifungu kile mara mbili, akasema, "Kwa hiyo walijua." Mwongozaji asikimbilie kupoza maneno kama hayo. Nilinyamaza, tukaendelea.

Lakini lililobadilisha namna yangu ya kuongoza lilikuwa swali lingine. Wanafunzi wa Kimarekani wakisikia kwamba Anne na wenzake saba walijificha kuanzia Julai 1942 hadi wakakamatwa Agosti 1944, wengi huuliza: nani aliwasaliti? Jibu la uhakika halijapatikana mpaka leo. Watu wetu hawaulizi hivyo. Swali lao la kwanza ni: "Nani alikuwa anawaletea chakula?" Ni swali la mtu aliyewahi kulala msituni na watoto. Anajua kwamba kujificha si ukuta wala mlango wa siri. Ni mtu wa nje anayekumbuka kuwa uko hai na una njaa.

Tangu hapo sianzi na kifo chake. Naanza na Miep Gies, mfanyakazi wa ofisi ya baba yake Anne, na wenzake wa ofisini waliokuwa wakitafuta mboga na mkate kwa kadi za mgao, wakipandisha ngazi kana kwamba hakuna kitu, na Miep aliyeziokota karatasi za Anne baada ya polisi kuondoka, akazihifadhi bila kuzisoma mpaka baba yake Anne aliporudi peke yake kutoka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Halafu nageuka kwa wageni, naanza na mkubwa kwa umri: "Mama, na nyinyi, nani aliwaletea chakula?"

Swali hilo ndilo lililotuokoa siku moja ambayo nilikuwa naiogopa. Mimi ni Mbembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Kundi la Jumamosi hiyo lilikuwa limechanganyika: wazee wa Kibembe na familia za Kinyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, watu ambao vijiji vyao vimechomana moto na ambao hapa Boise husalimiana kwa adabu na kukaa benchi tofauti. Kila upande una tarehe yake. Sisi tuna Makobola, mwisho wa 1998 kuamkia 1999, ambako mamia ya raia waliuawa. Wao wana Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, ambako wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa kambini upande wa Burundi, wengi wao Banyamulenge. Mtu akitaja moja, mwingine hutaja nyingine, na mazungumzo huishia hapo, kila mmoja ameshika hesabu yake.

Tulikuwa mbele ya sanamu inayoonyesha hatua za ukatili zinavyozunguka: maneno, kutengana, ubaguzi, vurugu, kuangamiza. Sikueleza sana. Nilisema tu kwamba mzunguko huu huanzia mdomoni, kama redio ya RTLM kule Rwanda ilivyoita watu mende mwaka 1994, halafu nikauliza swali langu. Mama mmoja wa Kinyamulenge alikawia, kisha akasema kwamba mwaka waliokimbia Minembwe, kule milimani kwetu, aliyemfungia mlango wa jiko na kumwambia asikohoe alikuwa mwanamke wa Kibembe, mke wa fundi cherehani, na kwamba alimletea mihogo ya kuchemsha usiku, moto ukiwa umezimwa ili jirani wasione mwanga. Jina lake alilikumbuka. Alilitaja pale pale, la ukoo na la ubatizo.

Mzee mmoja wa upande wetu aliinua kichwa. "Huyo ni wa kwa kina nani? Wa Lulenge?" Wakaanza kutafutana kwa vijiji na mito, nani aliolewa wapi, yule fundi alikuwa na kibanda karibu na dispensari au ng'ambo. Nilisogea pembeni nikawaacha. Hawakupatana siku hiyo, na sitamdanganya mtu kwamba bustani imemaliza vita vya milimani. Ila waliondoka wakizungumza, na baadaye mzee yule aliniomba nimpe namba ya simu ya mama, kwa kuwa alitaka kumuuliza zaidi.

Kutokana na hayo nimeshika mambo machache ninayoyafuata bila kulegeza. Siruhusu kulinganisha idadi ya waliokufa. Simkatizi mtu anayetaja jina. Simlazimishi mtu kusimulia. Wapo wanaokuja mara nyingi bila kusema neno, na ni wageni kama wengine. Watoto nawapa kazi ya kutafuta vifungu, maana wao Kiingereza wanakisoma haraka, na inapendeza kumwona mtoto anamfafanulia bibi yake Kifungu cha 14, kile cha haki ya kutafuta hifadhi nchi nyingine unapoteswa. Bibi anayajua hayo kwa miguu yake, lakini husikiliza kama anasikia kwa mara ya kwanza.

Kazi ya mikono nayo ipo. Msimu wa vuli majani hufunika vijia na yakilowa huteleza, hivyo tunafagia kabla wazee hawajafika. Wakati wa barafu situmii chumvi karibu na mawe yaliyochongwa, maana chumvi hula jiwe polepole. Jiwe halisuguliwi kwa brashi ya waya, hata ukiona doa linalokukera vipi. Maji na brashi laini, lisipotoka unamwita mwenye utaalamu.

Na madoa ya kukera yapo. Mwaka 2017 watu walichora matusi dhidi ya weusi na Wayahudi kwenye mawe ya Tamko lenyewe. Michango ya kutengeneza ilimiminika kutoka kwa watu wa kawaida. Desemba 2020 zikabandikwa stika zenye alama ya Wanazi na maneno "tuko kila mahali", nyingine kwenye shajara ya sanamu ya Anne. Ilikuwa siku mbili kabla ya Siku ya Haki za Binadamu. Ukikuta kitu kama hicho, mkono unataka kubandua hapo hapo. Usibandue. Piga picha, toa taarifa, subiri polisi waone, ndipo uondoe. Ushahidi ukitupwa kwenye pipa hakuna kesi.

Simu za wazee zilianza asubuhi hiyo hiyo. "Mwanangu, tusije tena?" Swali zito, kwa sababu watu hawa wameshawahi kuambiwa "rudini kwenu" na wenye bunduki. Niliwaambia nitakuwa pale tarehe 10 na barakoa yangu, atakayeweza aje, asiyeweza tutaelewana. Walikuja wachache, wakakuta maua na barua ambazo wenyeji wa Boise, watu wasiotujua, walikuwa wameziweka chini ya dirisha la Anne. Mama mmoja alitaka asomewe kila barua kwa Kiswahili. Nilimsomea, baridi inatung'ata, mpaka akaridhika.

Sehemu ninayoongoza kwa uchungu zaidi siku hizi ni ile ya baba yake Anne. Otto Frank aliomba viza ya kuingia Marekani. Ubalozi mdogo wa Marekani mjini Rotterdam uliteketea kwa mabomu ya Wajerumani Mei 1940, na majalada ya walio kwenye foleni yakaungua. Mwaka 1941 alimwandikia rafiki yake wa zamani aliyekuwa Marekani kuomba msaada, masharti yakazidi kubana, njia ikafungwa. Nikifika hapo watu wa Nyarugusu hutazamana. Wote tunajua jalada ni nini, usaili ni nini, kupimwa mara ya pili kwa sababu vipimo vya kwanza vimepitwa na muda. Na tangu Marekani ilipositisha kupokea wakimbizi Januari 2025, wapo waliokuwa wameshauza sufuria na godoro kule kambini wakisubiri ndege, safari zikafutwa. Nina ndugu huko. Nikielezea barua ya Otto siongezi chumvi yoyote; naisimulia ilivyo, na wao wanaimalizia kwa majina ya watu wao.

Sasa ninawafundisha vijana wanne waliozaliwa kambini na kukulia hapa. Kiswahili chao kimechanganyika na Kiingereza, lakini wanasalimia wakubwa vizuri na wanajua kusubiri jibu. Wa kwanza ataongoza peke yake tarehe 10 Desemba, tutakaposoma vifungu vyote 30, kila kimoja kwa lugha ya msomaji. Kifungu cha 15, cha haki ya kila mtu kuwa na uraia, ameomba akisome yule mama wa Minembwe, kwa Kinyamulenge kwanza na kisha kwa Kiswahili. Mzee wa Lulenge amesema yeye atashika kipaza sauti.