Karafuu 30, pumzi 30: ninavyoutuliza wahaka

Wahaka wangu huja saa nane za usiku, na usingizi ukageuka mang'amung'amu mpaka adhana. Kinachonisaidia ni zoezi dogo la visahani viwili na karafuu kavu 30. Nalifanya hapa Wete, Pemba, baada ya sala ya alfajiri, kabla sijawasha simu.

Kukaa kwanza. Kunja mto, ukae ukingoni mwake mpaka nyonga ziwe juu kuliko magoti. Magoti yakiwa juu, mgongo hupinda, tumbo hubanwa na pumzi huishia kifuani. Anayeumwa magoti akae kitini, nyayo zikanyage chini. Kulala chali alfajiri sikushauri. Utasinzia kabla ya karafuu ya kumi.

Chagua karafuu nzima zenye vichwa. Chukua moja uitazame, hata kama umezaliwa shambani: kichwa cha mviringo, vijimeno vinne vilivyokishika, kisha kijiti chenye mikunjo. Iviringishe baina ya kidole gumba na cha shahada. Ibonyeze kwa ukucha, unuse. (Nawa kabla ya kugusa macho, mafuta yake yanachoma.) Ipe dakika nzima. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya wiki 8 huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, aliwapa wanafunzi wake zabibu kavu kwa zoezi kama hili. Kwa Pemba naona karafuu inafaa zaidi: tumeizoea mno hata jicho halitui tena juu yake.

Kisha hesabu. Vuta pumzi kwa pua sekunde 4, itoe taratibu sekunde 6, halafu hamisha karafuu moja kwenye kisahani cha pili. Pumzi moja sekunde 10, karafuu 30 dakika 5. Kule kutoa ndiko kwenye faida, kwa sababu mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta na hupungua tunapotoa. Ukiona kizunguzungu au vidole vinafanya ganzi, unapumua kwa nguvu mno na hewa ya ukaa imepungua mwilini. Acha kuhesabu, pumua kawaida.

Akili itatoroka. Itakwenda kwenye deni la dukani, mambo ya skuli ya watoto, neno la jirani. Wengi huacha hapa, wakidhani wameshindwa kwa kuwa kichwa hakikunyamaza. Hakuna aliyekutaka ukinyamazishe! Lipe wazo jina, "deni", kisha rudi kwenye karafuu iliyo mkononi. Ukitoroka mara 20 na kurudi mara 20, umefanya zoezi mara 20. Kosa jengine ni kujikemea kwa kutoroka. Hapo unaongeza wahaka juu ya wahaka.

Kuhusu tasbihi: uradi ni ibada na una nia yake, kwa hivyo mimi huuacha mahali pake. Lakini anayeuleta polepole, neno kwa neno, utulivu huu anaujua tayari.

Aliyepatwa na jambo zito asifumbe macho, maana kumbukumbu huweza kumvamia. Aangalie ukuta, asikilize nyayo zake sakafuni, na dakika 2 zinamtosha. Na anayetumia dawa asiziache kwa ajili ya pumzi. Ikiwa usingizi na hamu ya chakula vimepotea wiki mbili, au yanakuja mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali iliyo karibu nawe leo hii. Unguja kuna Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, na kwenda huko si aibu.

Msimu wa karafuu ukifika visahani naviweka kando, kwani kazi yenyewe inatosha. Wakati wa kuchambua, zima redio kwa nusu saa ya mwanzo. Shika kishada kimoja, sikia karafuu zinavyoachana na makonyo, vile vijiti vya kishada, kiganjani, karafuu huku, makonyo kule. Mkono ukianza kukimbia, toa pumzi moja ndefu kabla ya kuchukua kishada chengine.