Akamweleza Kweli Yote

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatano ya wiki hii nilikaa katika zahanati nikipimwa presha, na muuguzi, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, akasoma 178 kwa 108, akapima tena, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba, dawa unameza kila siku?" Nikamjibu, "Nameza." Nilisema uongo. Dawa nilikuwa nimeziacha tangu mwezi wa tatu, siku nilipoombewa na kusimama mbele ya kanisa kushuhudia kwamba nimepona, na tangu hapo kila nilipoamka na kisogo kizito nilijiambia kwamba ni uchovu wa mkesha.

Usiku ule nilifungua Marko 5, sura niliyoihubiri mara nyingi nikikazia imani ya yule mama aliyeligusa vazi la Bwana. Safari hii nilisimamishwa na maneno niliyozoea kuyapita haraka: kwamba alifahamu mwilini mwake kuwa amepona, na kwamba baadaye, kwa hofu na kutetemeka, akamweleza Bwana kweli yote. Miaka 12 ya kutokwa na damu ilikuwa imemfundisha kuujua mwili wake siku kwa siku, hata badiliko lilipotokea hakungoja kuambiwa na mtu. Mimi nilitangaza kupona ambako mwili wangu haukukujua.

Tena tazameni alivyokuwa na sababu ya kunyamaza. Kwa torati ya Walawi 15 alikuwa najisi, naye alikuwa amepenya katikati ya umati. Yairo, mkuu wa sinagogi aliyekuja kumwomba Bwana amponye binti yake, naye alikuwa akingoja, binti yake yu katika kufa. Hata hivyo Bwana alisimama, akatazama pande zote, mpaka yule mama akasema. Chemchemi ya damu ilikuwa imekwisha kukauka, lakini neno la "enenda zako kwa amani, uwe mzima" lilitamkwa baada ya kweli yote kusemwa, na ndipo hofu na aibu ya miaka ile nazo zilipopata dawa.

Hapa sina budi kusema jambo linaloniumiza. Alhamisi dada mmoja wa ushirika wetu aliniambia kwa furaha kwamba naye ameacha vidonge vyake vya presha, kwa kuwa ushuhuda wangu ulimtia nguvu. Wapendwa, sikulala. Sisi wazee wa kanisa tumewazoeza watu kujibu "sijambo" huku wanaungua ndani. Tumefanya kuutaja ugonjwa kuwe sawa na kukiri kushindwa, hata mtu anahamishia dawa zake kwenye kopo la karanga ili wageni wa maombi wasizione. Ni nani aliyetufundisha hivyo? Paulo alimwandikia Timotheo waziwazi juu ya tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara, wala hakumhesabia upungufu wa imani. Na Daudi katika Zaburi 32, aliponyamaza bila kuikiri dhambi yake, mifupa yake ilichakaa.

Nawasihi basi, kabla ya kuomba asubuhi, kaa kimya kidogo ujiulize umelalaje, kifua kikoje, miguu imevimba au la, na ile hasira ya jana imekaa wapi mwilini. Kisha umwambie Mungu hivyo hivyo ilivyo, umwambie na mwenzi wako. Wala tusidhani kwamba mwili utapiga kelele kila mara, kwa maana presha huweza kukaa miaka bila dalili yoyote, na kwa hiyo kuusikiliza mwili ni pamoja na kukiacha kipimo kiseme: kikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, tusikibishie kwa maombi. Maombi yetu hayapungukiwi na kitu yakifanywa na mtu aliyemeza dawa yake.

Ijumaa nilirudi zahanati nikamwambia yule binti, "Juzi nilikudanganya." Hakunikemea, alivuta kiti karibu, akaandika tarehe niliyoacha dawa, akanipeleka kwa daktari, nami jioni nikamweleza mke wangu. Leo mchana nakwenda nyumbani kwa yule dada kumsihi arudi kliniki, na kesho, baada ya matangazo, nitaomba nafasi nisimame pale pale niliposimama mwezi wa tatu, niusahihishe ushuhuda wangu.