Sanduku la bibi wa Kazan

Leo bibi wa Kitatari ninayepanga kwake hapa Kazan, Urusi, amefungua sanduku lake la mbao, lile la kijani lenye pembe za bati, anitolee blanketi. "Sandık," akasema kwa Kitatari. Kwa Kirusi ni sunduk. Nikamwambia kwetu Mombasa ni sanduku. Akanishika mkono, akalirudia neno letu mara tatu.

Asili yake ni Kiarabu. Warusi walilipata kupitia watu wa lugha za Kituruki, jamii ya Kitatari, sisi likatufikia kwa njia ya bahari. Hata kazna yao, mali ya serikali, ni ndugu wa hazina yetu.

Lakini Watatari na Warusi hawakuachiana maneno tu. Mwaka 1552 Ivan wa Nne, mfalme wa Urusi, aliuteka mji huu kutoka kwa Watatari, na imamu Kul Sharif akauawa akiutetea. Msikiti wenye jina lake ulifunguliwa 2005 ndani ya Kremlin, ngome ya Kazan, jirani na kanisa kuu la karne ya 16. Jioni nimesimama kati ya majengo hayo mawili, theluji inaanguka, namuwaza bibi. Dua anaomba kwa Kitatari, pesa anahesabu kwa Kirusi, na neno lenyewe la pesa, dengi, Warusi walilichukua kwa watu wa Kituruki.