Kaburi lililozungukwa na masale

Desemba hii nilipopanda Old Moshi nilimwomba shangazi anitembeze kihambani, kwenye shamba letu la ukoo. Wachaga tunazikana nyumbani, kati ya migomba, kwa hiyo ukoo tunausoma kwa miguu. Alinitajia kila aliyelala pale, mpaka tukafika penye masale, mmea tunaoupanda makaburini, akanyamaza.

"Huyu ni mdogo wake babu yako. Watoto wake walihamia Arusha, hatukuwaona tena."

Huku ndiko Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli, chifu wetu, mwaka 1900, na wajukuu wake wamelitafuta fuvu lake hadi Ujerumani. Sisi tulishindwa kufika Tengeru, hapo Arusha tu!

Mzee wa kanisa alinipatia namba ya mjukuu mmoja wa huyo mdogo wake babu. Nilipojitambulisha, alikaa kimya, kisha akauliza: "Ule mparachichi wa karibu na mfereji, bado upo?"

Upo, kaka. Njoo.