CMC kwenye sabuni ya maji: madonge, asidi na chumvi

Sabuni ya maji ikitoka nyepesi au yenye madonge, wa kwanza kulaumiwa ni CMC, unga wa kuifanya sabuni iwe nzito: "hii ni feki." Feki zipo, na kuzibaini si kazi. Koroga kijiko cha unga huo kwenye maji baridi, dondoshea ayodini ile ya vidonda. Ikigeuka bluu au nyeusi, humo mna wanga. CMC tupu hubaki na rangi ya ayodini yenyewe, kama chai ya rangi. Ila mara nyingi unga hauna hatia. Kosa liko kwenye mpangilio wa kuchanganya.

Kirefu chake ni kaboksimethili selulosi. Selulosi ni ile ya mti na pamba, na yenyewe haiyeyuki majini, maana ingeyeyuka tungepoteza mashati kwenye beseni. Kiwandani, massa ya mbao au nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba hulowekwa kwenye soda kali pamoja na spiriti hadi zivimbe, kisha huongezwa asidi ya monokloroasetiki. Asidi hiyo hupachika kwenye mnyororo wa selulosi vikundi vyenye chaji hasi. Vikundi hivyo hupenda maji, na kwa kuwa chaji zake zinafanana, husukumana. Mnyororo hutanuka na maji huwa mazito. Shikilia hapo kwenye chaji, ndipo matatizo mengi ya ndoo yanapotokea.

Mmenyuko huo huacha chumvi na glikolati ya sodiamu. CMC ikioshwa vizuri kwa spiriti yenye maji, hupatikana ya chakula, ile inayoandikwa E466 kwenye pakiti, yenye usafi wa asilimia 99.5 na zaidi. Isiyooshwa sana ni ya bei nafuu, nayo huenda kwenye sabuni za unga na matope ya kuchimbia visima vya mafuta. Usiitie kwenye aiskrimu hata muuzaji akiapa.

Kwa sabuni ya lita 20, gramu 100 hadi 200 zinatosha, kutegemea nguvu ya unga wenyewe. Ukiumwaga kwa mkupuo, nje ya bonge hulowa na kuwa ngozi ya ute, ndani unabaki mkavu, na ukikoroga mpaka jioni hautalainika. Maji ya moto hayasaidii hapo. Ngozi hufunga haraka zaidi. Changanya gramu 150 na gliserini kiasi cha mililita 400 hadi iwe uji laini, maana CMC haiyeyuki kwenye gliserini, halafu mimina kidogo kidogo kwenye lita 10 za maji huku mwiko ukizunguka. Iache usiku mzima.

Salfoniki, ile asidi inayoipa sabuni povu na nguvu ya kusafisha, ipozwe makali kwenye ndoo nyingine kwa soda, pH, yaani kipimo cha asidi, ifike 7 hadi 8. Ikiingia ikiwa bado na asidi, pH chini ya 4, vikundi vile vya CMC hupoteza chaji na CMC hujitenga kama nyuzi nyeupe.

Chumvi ndiyo inayowachanganya wengi. Ungarol, kitoa povu kingine cha sabuni, huwa nzito kwa chumvi. CMC huwa nyepesi kwa chumvi, kwa sababu chumvi hufunika chaji na mnyororo hujikunja. Kwa hiyo CMC iyeyuke kwanza kwenye maji matamu, chumvi ije mwisho ikiwa imeyeyushwa, kwa vijiko, na uache mara sabuni inaposhika. Maji yaliyotiwa shabu kupita kiasi, au yaliyokaa kwenye pipa lenye kutu, huleta mabonge hata ukifuata yote haya: aluminiamu na chuma hufunga minyororo pamoja. Dawa za kulainishia nguo nazo zina chaji chanya, hugandana na CMC. Humo tumia hidroksiethili selulosi.

Ikiwa sabuni ilikuwa nzito na baada ya wiki mbili imekuwa maji na kunuka, bakteria wamekata mnyororo kwa vimeng'enya vyao. Kuongeza CMC hapo ni kuwapa chakula. Kihifadhi kilipaswa kuingia siku ya kwanza.

Na usipime kama sabuni ni nzito au nyepesi ikiwa bado ina joto la kuchanganya. CMC hulegea ikipata moto na kurudi ikipoa, kwa hiyo wengi huongeza unga jioni, na asubuhi hukuta sabuni haitoki kwenye chupa.